Redio Iliyoingia Joto

Mwizi wa kalenda ya Baba ni mimi.

Nimelikana jambo hili kwa mwaka mzima na miezi yake. Mwanzo nilisema ni upepo. Nilipoulizwa ni upepo gani huo unaochukua kalenda na kuuacha msumari, nikasema ni panya. Mwisho, kwa aibu yangu, nilimtaja ndama: labda mlango wa jikoni ulikuwa wazi, akaingia, akaila. Nikaongeza kwamba ndama hupenda karatasi kwa sababu ya gundi, jambo ambalo sikulisoma popote. Mimi niliyesomeshwa chuo kikuu kwa maziwa ya ng'ombe hao hao, nilimsingizia ndama asiye na hatia, na wiki hiyo hiyo nikaandika insha kuhusu ukweli.

Ilikuwa kalenda ya kawaida, ile ambayo duka la dawa za mifugo humpa mteja mwisho wa mwaka, yenye picha ya ng'ombe mweusi na mweupe mwenye kiwele kikubwa kuliko matumaini ya mkulima yeyote. Kijijini kwetu Kapseret utaikuta karibu kila nyumba, ukutani kando ya mlango wa jikoni, kwa sababu kwetu kalenda si kitu cha kujua leo ni tarehe ngapi. Ni daftari la ng'ombe. Siku ng'ombe anapoingia joto, yaani anapotaka dume, unamwita daktari wa mbegu na kuweka alama, kisha unahesabu siku ishirini na moja. Siku hiyo ikifika naye ametulia, ameshika mimba. Akianza kelele na kupanda wenzake, unampigia simu daktari arudi. Mkulima anayekosea hesabu hiyo mwaka ujao atakamua hewa. Watoto wa kwetu huijua ishirini na moja kabla ya kujua mbili mara mbili.

Baba amepita miaka sabini na ana ng'ombe wanne. Ujanani alikuwa fundi wa nyaya za simu, akipanda nguzo kutoka mjini hadi Soy na zaidi. Alipostaafu aliamua kufuga, lakini nyaya hazikumtoka mwilini. Alivuta waya mrefu wa shaba kutoka dirisha la banda la kukamulia hadi kwenye mkaratusi ulio mpakani, na mwisho wa waya huo akaweka redio yake ya masafa mafupi, juu ya rafu, mahali ambapo mkia haufiki. Kila jioni saa kumi na moja anaketi kwenye kigoda, anaiwasha, anaanza kukamua. Stesheni anayoipenda hutoka mbali kaskazini, ng'ambo ya jangwa na bahari, kwa lugha ambayo Kapseret nzima hakuna anayeijua. Siku moja nilimuuliza wanasema nini.

"Sijui," akasema. "Mimi sisikilizi wanasema nini. Nasikiliza kama wako."

Tangu Mama afariki, kila Jumamosi mimi hutoka nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Kapsoya, kwenda kumwona. Hugeuza ndoo, nikaikalia, nikampa habari za mjini huku yeye akikamua. Ilikuwa Jumamosi ya namna hiyo aliposema, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe:

"Alhamisi jioni usinipigie simu, mama." Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Kuna nini Alhamisi?"

"Redio itaingia joto."

Nikangoja acheke. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo, chwi, chwi.

"Ng'ombe, Baba. Unataka kusema ng'ombe."

"Ng'ombe ni Jumanne, huyu mweusi. Redio ni Alhamisi."

"Redio inaingia joto namna gani?"

"Inakataa. Wale wa kaskazini wanapotea kabisa, siku mbili, hata tatu. Wale wa kusini wanaoimba nyimbo za kanisa wanabaki vizuri tu. Halafu inatulia. Ukihesabu siku ishirini na saba, inarudi tena. Imefanya hivyo tangu tupande mahindi."

"Kwa hivyo tumwite daktari?"

"Ya nini? Inapona yenyewe."

Akampiga ng'ombe kofi dogo la kumwambia asogee, akahamia kwa mwingine. Hakuwa anatania. Mimi nilimaliza chai yangu, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikampigia simu kaka yangu.

Kaka ndiye kifungua mimba. Ni mpima ardhi, na wakati huo alikuwa Turkana akipima njia ya barabara mpya. Nilimweleza. Akasema, "Imeanza."

"Nini imeanza?"

"Hiyo ya kusahau. Mzee wa rafiki yangu alianza hivyo hivyo. Saa hii anaamkia friji."

Alhamisi jioni Baba mwenyewe alinipigia. "Imeingia," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye mgeni wake amefika kwa wakati. Nikamjibu, "Sawa, Baba, pumzika," kwa ile sauti tamu tunayowawekea watoto na walevi. Naikumbuka sauti hiyo kila ninapojiona nina akili.

Jumamosi iliyofuata, Baba akiwa bado bandani, nilisimama mbele ya kalenda yake jikoni. Ilikuwa na duara nyekundu, kubwa, zilizokolezwa wino. Nikahesabu kutoka moja hadi nyingine. Ishirini na saba. Nikahesabu tena kwa kidole. Ishirini na saba. Ya tatu, ishirini na saba. Na yule ng'ombe mweusi alikuwa amepandishwa mara tatu mwaka huo bila kushika. Basi nikaona kisa chote kimelala ukutani: Baba hajui tena kuhesabu ng'ombe, na ili asijiaibishe ameitwika redio makosa.

Ningepiga picha, lakini simu yangu ilikuwa imezima. Ndipo nikaitoa kalenda kwenye msumari, nikaikunja bomba, nikaisukumiza ndani ya mkono wa sweta. Sikuwa nimefikiri kwamba mkono wenye bomba la kalenda haukunjiki. Nilimuaga Baba nikiwa nimenyoosha mkono mzima kama askari wa trafiki. Mwezi uliopita, nilipokiri hatimaye, alicheka hadi akashika nguzo ya banda. "Nilidhani umevunjika mkono," akasema. "Halafu nikaingia jikoni nikaona msumari uko peke yake. Nikasema, ah, ameipenda picha ya ng'ombe."

Lakini wakati ule hakucheka. Jioni hiyo hiyo alinipigia kuuliza kama nimeiona kalenda, na hapo ndipo upepo ulipoanza kuvuma katika maneno yangu.

Kwa nini niliiba? Kwa muda mrefu nilijiambia ni upendo. Nilikuwa na chumba cha wageni Kapsoya, nimekipaka rangi nyeupe, nimeweka pazia. Nilimwona Baba pale akiota jua kibarazani, akila kwa wakati, karibu na hospitali. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimechoka na matope ya Kapseret kila Jumamosi, na kwamba kuna sifa fulani mtu huipata kanisani akisema, "Siku hizi nakaa na mzee wangu." Kalenda ile ingenipa sifa hiyo bila mabishano. Niliipiga picha mezani kwangu, nikamtumia kaka, nikaificha chini ya godoro.

Kaka hakuchelewa. Jumapili ya wiki iliyofuata alishuka kutoka Turkana na habari kamili: amepata mnunuzi, mfugaji wa Soy, atachukua ng'ombe wote wanne kwa lori, na Baba ahamie kile chumba changu cha wageni. Tuliketi sebuleni kwa Baba, sisi watatu, na mtu wa nne ambaye hakualikwa. Huyo alikuwa mama wa duka, jirani yetu, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka upande wa Mlima Kenya kabla mimi sijazaliwa, na ambaye kila asubuhi huchukua maziwa ya Baba kuyauza. Alivuta kiti hadi mlangoni, akasema yeye anapumzisha miguu tu.

Kaka alimkabidhi Baba simu yenye ile picha. "Mzee, angalia mwenyewe. Ng'ombe ni ishirini na moja. Wewe unahesabu ishirini na saba. Ndiyo maana mweusi hashiki."

Baba aliishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii picha imepigwa wapi?"

"Hapo ukutani kwako."

"Ukuta wangu hauna kitambaa cha maua."

Kaka akanitazama. Mama wa duka akanitazama. Nyumba nzima ya Kapsoya ilikuwa ikinitazama kutoka ndani ya picha ile, meza yangu na kitambaa changu cha krosheti.

"Ni mwanga," nikasema.

"Mwanga wa maua?" akauliza mama wa duka.

Baba hakunifuata huko. Alirudisha kidole kwenye kioo cha simu. "Hizi nyekundu ni redio. Ng'ombe niliandika kwa penseli. Kijana, hebu kuza hapo."

Kaka akakuza. Sote tukainama. Chini ya wino, hafifu kama mvi, zilikuwepo alama ndogo za penseli, moja baada ya nyingine. Kaka alizihesabu midomo ikimchezacheza. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na moja, hata alama za mweusi, kila mara kama ilivyotakiwa.

"Mweusi hashiki kwa sababu amezeeka," Baba akasema. "Kuzeeka si makosa ya hesabu."

"Na kwa nini ng'ombe penseli na redio kalamu?" nikauliza, nikishukuru mazungumzo yamehama kutoka kwenye kitambaa.

"Ng'ombe anaweza kubadilisha nia. Unafuta. Redio tangu ianze haijabadilisha nia."

Mtu mwingine angeomba msamaha hapo. Kaka yangu ni mpima ardhi. Hakubali mpaka kirahisi. "Basi ni mbaya zaidi," akasema. "Mtu anayekosea hesabu ya ng'ombe ni mzee tu. Lakini mtu anayehesabu joto la redio, Mzee..."

"Na wewe je?" mama wa duka akaruka. "Si huko Turkana unazunguka na mti wa chuma kwenye jua, unauliza mbinguni uko wapi? Kuna mtu ameuza ng'ombe wako kwa sababu hiyo?"

"Mama, hiyo ni GPS, inapokea ishara za setilaiti. Ni sayansi."

"Hata sisi tuko na sayansi. Iko kwa kalenda. Kama haijaliwa na ndama."

Baba aliinua mkono na sote tukanyamaza, kama tulivyonyamaza tukiwa watoto. Alisema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka, kwa sababu maisha yake ya uzeeni yalikuwa ndani ya maneno hayo. "Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Hesabuni ishirini na saba. Itakuwa Jumatano, si hii inayokuja, si ile nyingine, ni ya tatu. Jioni. Wale wa kaskazini wasipopotea siku hiyo, leteni lori Alhamisi asubuhi, na mimi nitapanda mbele pamoja na dereva hadi Kapsoya. Wakipotea, ng'ombe wangu wanabaki, na mimi nabaki, na sitaki kusikia tena habari ya chumba."

"Redio yako ni ya zamani," kaka akasema. "Inaweza kufa siku yoyote, hata waya ukiguswa na tumbili. Haitoshi hiyo ife. Mimi nitaamini kitu kingine kikikataa pamoja nayo."

"Kitu gani?"

"Chochote. Kisicho chako."

"Sawa," akasema Baba, wakashikana mikono. Mimi sikuulizwa.

Jumatatu nilifunga safari hadi chuoni kumwona rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa ni mhadhiri wa fizikia. Mimi nilisoma fasihi, na nilimwendea kama waendavyo watu wa fasihi kwa watu wa sayansi: nikitaka karatasi ya kuthibitisha nilichokwisha kuamua. Nilimwambia kuna mzee fulani ninayemjua anayedai redio hupoteza stesheni za kaskazini kila siku ishirini na saba. Niliweka tabasamu la kumkaribisha acheke.

Hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Nani amekwambia ishirini na saba?"

"Huyo mzee."

"Anatumia chombo gani?"

"Redio," nikasema. "Na ng'ombe."

Akanieleza, kwa subira ambayo sikuistahili. Jua nalo linajizungusha, na kwa sisi tunaolitazama kutoka huku, mzunguko mmoja ni kama siku ishirini na saba. Wakati mwingine hutokea juani sehemu fulani iliyo kama tundu, na humo hutoka upepo wa kasi. "Umeona ile mipira ya kunyunyizia maji inayozunguka shambani?" akaniuliza. "Ukisimama mahali pamoja hulowi wakati wote. Unalowa kila inapokugeukia." Tundu likituelekea, upepo ule unafika, unatikisa sumaku ya dunia, na lile tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ya redio chini linavurugika. Njia ndefu za kaskazini ndizo huumia kwanza. Za kusini zinaweza kupona. Na si redio pekee. Kila ishara inayopita huko juu siku hiyo hupata tabu yake.

"Kwa hivyo ni kweli?" Nilisikia sauti yangu ikiwa ndogo.

"Ni kweli, lakini si ahadi. Tundu linaweza kuziba kabla halijarudi. Linaweza kuchelewa siku. Jua si basi la shule." Kisha akainama mbele, macho yakimeta. "Naomba nione hiyo kalenda."

"Ililiwa na ndama," nikasema.

Nilirudi nyumbani nikaketi kitandani, juu ya kalenda. Ningeweza kuipeleka kwa mhadhiri siku hiyo hiyo. Ningeweza kumpigia kaka. Badala yake nilimpigia Baba, nikamweleza habari za jua na tundu na upepo, nikitarajia afurahi kwamba sayansi imemuunga mkono.

"Jua?" akasema. "Inawezekana. Mimi sijui ni nini. Najua ni lini."

Lakini tundu likiziba? Sikumwambia sehemu hiyo. Kuanzia siku hiyo kitu kiligeuka ndani yangu, na sikujivunia kasi yake. Kile chumba cheupe nilianza kukiona kama jela ndogo yenye pazia. Nilijikuta asubuhi nikilikodolea jua kupitia matawi ya mti wa jirani, nikiliomba lisizibe. Mwenye duka la vyombo vya umeme mjini, nilipomwomba redio ndogo ya masafa mafupi, alipuliza vumbi kwenye boksi na kuniuliza kama nahamia porini. Nikamwambia ni ya ushahidi.

Jumatano ya tatu ikafika. Saa kumi na nusu nilikuwa Kapseret, nimekalia ndoo yangu, redio mpya mapajani, waya wake nimeutundika kwenye uzio. Mama wa duka alikuwa amefunga duka mapema, jambo ambalo halifanyi hata Krismasi, akaja na kigoda chake. Ndege ilipita juu yetu ikishuka uwanjani. Kaka alikuwa amerudi Turkana, lakini lori la Soy lilikuwa limeshaambiwa: kesho, saa moja asubuhi, isipokuwa lizuiwe.

Saa kumi na moja Baba akawasha redio yake. Mimi nikawasha yangu.

Wale wa kaskazini walikuja wazi kabisa. Mwanamke mmoja alikuwa akisoma jambo fulani kwa furaha, kila neno limekatwa vizuri kama mkate. Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kiasi kile.

"Wako," akasema mama wa duka kwa huzuni.

"Wako," akasema Baba. Akaanza kukamua.

Alikamua wa kwanza. Yule mwanamke akasoma. Alikamua wa pili, na mwanamume mwenye sauti nzito akaingia, akacheka na mwanamke. Saa kumi na mbili ikasogea. Nilimtazama Baba mabega, nikitafuta dalili ya mtu anayeaga, na kweli niliona akimchelewesha kidogo ng'ombe wa tatu, akimpapasa shingo. Nilifikiri: nimwambie sasa kuhusu kalenda, angalau apande lori akijua ukweli. Nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema Baba.

Sauti ya yule mwanamume ilikuwa imelegea. Ilipanda, ikashuka, kama ya mtu anayezungumza huku akibebwa na mto. Ikarudi kwa nguvu, maneno mawili. Ikazama. Nikaitazama redio yangu, na kwenye redio yangu nako alikuwa akizama. Nikaiongeza sauti hadi mwisho. Ulibaki mvumo mtupu, mpana, kama mvua kwenye mabati ya nyumba ya mbali.

Nikazungusha kitufe hadi kwa wale wa kusini. Wimbo wa kanisa ukajaa banda lote, safi, sauti nne. Nikarudi kaskazini. Mvumo. Kusini, haleluya. Kaskazini, mvumo.

"Imeingia!" nikapiga kelele, na ng'ombe mweusi akashtuka akaipiga ndoo yangu teke. "Baba, imeingia! Zote mbili!"

Mama wa duka alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika kwenye mnara wa ndege. Baba alitabasamu ndani ya ubavu wa ng'ombe, hakuacha kukamua.

"Lakini zote ni redio," akasema. "Na zote ziko kwangu. Kijana alisema kitu kingine. Kisicho changu."

Furaha ikanikauka. Nilikuwa nimesahau. Nilimjua kaka, angesema nimegusa waya, angesema redio mpya ni ya bei rahisi, angesema mama wa duka ana maslahi yake katika maziwa. Kesho saa moja lori lingekuwa langoni. Nikaanza kutunga moyoni hotuba ya kumsihi, na hotuba hiyo ilianza na kalenda, kwa sababu mwizi hawezi kumtetea mtu kabla hajarudisha mali.

Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa kaka.

"Uko kwa Mzee?" Upepo wa Turkana ulikuwa ukivuma kwenye sauti yake, na nyuma yake watu walikuwa wakibishana.

"Niko. Sikiliza, wale wa kaskazini wamepotea, zote mbili, yangu na—"

"Wewe sikiliza. Tangu saa kumi mashine zimekataa. Zote. Nimesimama juu ya kigingi nilichokipigilia mwenyewe wiki jana, na hii mashine inaapa kimehama hatua tatu. Nikigeuka kimehama tano. Nimebadilisha betri, nimebadilisha mashine, nimebadilisha mtu wa kuishika. Injinia amekaa chini ya gari anataka kulia." Akavuta pumzi. "Nimekumbuka leo ni Jumatano."

Nilinyoosha mkono, ukanyooka kama siku ile ya kalenda, nikaiweka simu kwenye sikio la Baba, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maziwa. Nikafungua spika.

"Kijana."

"Baba," kaka akasema. Hakusema Mzee. "Baba, itaisha lini?"

Baba alifikiri, akiangalia juu kwenye paa la banda kana kwamba kalenda inaning'inia pale. "Kesho bado. Ijumaa asubuhi, saa nne, jaribu. Kesho wape watu wako mapumziko."

"Sawa. Nimempigia yule wa Soy. Nimemwambia aegeshe lori lake." Kaka akakohoa, kwa ile sauti aliyokuwa nayo akiwa darasa la tatu amekuja kuuliza hesabu. "Na baada ya hapo, Baba? Ile nyingine ni tarehe ngapi? Nataka kuandika."

"Andika," akasema Baba. "Lakini tafuta kalamu. Usitumie penseli."